Ua Ndani ya Friji

Kabla sijaanza, naomba wasomaji wasimame kimya kidogo kwa heshima ya mayai ya kuchemsha, kipande kikubwa cha jibini na ndizi mbivu waliopoteza maisha yao katika tukio hili. Asanteni. Mnaweza kuketi.

Bibi yangu mzaa mama ni fundi cherehani kwa kazi, na kichaa wa maua kwa hiari yake mwenyewe. Tena si maua yote. Waridi kwake ni ua la watu wasio na mawazo. Yeye hupenda yungiyungi la siku moja, na kama hulijui, ni hivi: ua hufunguka asubuhi, hujidai mchana kutwa, na jua likizama limeshanyauka kama soksi iliyosahauliwa chini ya kitanda cha bweni. Kesho yake tumba jingine hufunguka kwenye bua lilelile, hivyo hivyo mpaka matumba yaishe. Mtu mwenye akili timamu akiona ua la namna hiyo husema pole na kupita. Bibi aliliona akasema, "Nataka mengi."

Sasa anayo mengi. Yamejaa kitalu chote cha mbele ya nyumba, sehemu pekee ya uwanja wetu inayopata jua la kutosha. Na hatosheki kuyapanda, anayaozesha. Asubuhi na mapema, akiwa bado na futi ya kupimia shingoni, huchukua kibano cha nyusi, akachomoa kijiti chenye chavua kutoka ua moja na kukipangusa kwenye ncha ya kijiti kirefu cha katikati ya ua jingine. Kisha hufunga uzi wa cherehani kwenye kikonyo ili akumbuke nani kaoa nani. Uzi mwekundu ni ndoa ya heshima. Uzi wa bluu ni ndoa ya majaribio. Uzi mweusi ni wale waliooana wenyewe kwa msaada wa nyuki, nao Bibi hawasalimii.

Ndoa ikishika, kifuko cha mbegu huvimba. Mbegu zikikomaa hupandwa, halafu mnasubiri. Mnasubiri kweli kweli. Mimi nimeingia shule ya bweni, nimefukuzwa, nimesamehewa na kurudishwa, na mche mmoja wa uzi mwekundu ulikuwa bado unafikiria.

Likizo hii ndipo ulipotoa bua lake la kwanza, na ndipo matatizo ya kitaifa yalipoanza nyumbani kwetu.

Babu ni dereva wa treni mstaafu, na tangu aliposhuka kwenye injini anatafuta kitu kingine cha kuongoza. Mwaka huu alichagua kuku. Kuku wanataka banda, banda linataka jua, na jua lilikuwa limekaliwa na maua ya Bibi. Walibishana mpaka majirani wakazoea. Mwishowe wakafunga mkataba mezani, mimi nikiwa shahidi: Chama cha Wapenda Maua kikilipa ua moja la Bibi jina msimu huu, kuku watakwenda nyuma ya choo na Babu hatafungua tena mdomo. Kikikataa, Bibi atang'oa kitalu chote kwa mikono yake, na kuku watahamia.

"Kwa mikono yangu?" aliuliza Bibi.

"Kwa mikono yako. Mimi nitashika toroli," alisema Babu kwa upole wa mtu anayejiona keshashinda.

Alikuwa na sababu. Kupewa jina na Chama si mchezo. Ua jipya lazima lipelekwe ukumbini siku ya maonyesho likiwa juu ya bua lake, limefunguka, kamati ilione. Na kwa kuwa ua hili likitikiswa njiani huweza kuzimia, kuna kanuni ya huruma: kama mwanachama mwenzako, asiye mwenye ua, aliliona kwako asubuhi ileile likiwa limefunguka, anaweza kusimama mbele ya kamati na kulieleza. Kamati ikiridhika, ua linapata jina.

Mpaka siku hiyo, katika chama kizima, mtu mmoja tu alikuwa na ua lenye jina. Ni fundi wa friji wa mtaani kwetu, tunayemwita Baridi. Ua lake linaitwa Fahari ya Baridi, na habari hii huwezi kuikosa. Ukimwita akutengenezee friji, atakusimulia ua. Ukimsalimia dukani, atakusimulia ua. Nasikia hata alipong'olewa jino kwa daktari, ambaye ndiye mwenyekiti wa Chama, aliendelea kusimulia ua huku ametanua mdomo.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Bua la Bibi lilikuwa limebakiwa na tumba moja tu. Jingine lilipigwa na blanketi lililokuwa likianikwa, na jingine liliondoka na konokono. Alhamisi jioni Bibi alipiga magoti kitaluni, akalibonyeza tumba kidogo kwa vidole viwili kama mkunga.

"Anajifungua kesho," alisema, na uso ukamshuka.

"Mwambie asubiri keshokutwa," nikasema.

"Ua halisikii maneno, mke mwenza. Halijasoma bweni." Bibi huniita mke mwenza kwa sababu Babu huniita mke mdogo. Ni utani wa zamani, na kati yetu watatu mimi ndiye ninayeolewa kwa hasara.

"Basi tulipeleke kwenye baridi," nikasema. "Bwenini maji yakiwa baridi hakuna anayeamka mapema."

Bibi aliniangalia muda mrefu. Halafu akaangalia nyumba. Halafu akaenda kuchukua sepetu.

Mche ukahamishiwa kwenye chungu, na chungu kikaenda jikoni. Kwa kuwa kanuni inataka bua, tumba halikuweza kukatwa na kuwekwa kwenye bakuli kama kachumbari; ilibidi aingie mgonjwa mzima na kitanda chake. Tukatoa rafu zote za friji. Tukatoa mayai, jibini, ndizi, wali wa jana na kila kitu kilichokuwa na makazi humo. Yungiyungi likaingia, likainama kidogo kwa heshima chini ya balbu, na mlango ukafungwa kwa kusukumwa na nyonga ya Bibi.

Babu, ambaye kama mpinzani hakuambiwa kilichoingia ndani, alisimama katikati ya jikoni akitazama wakimbizi juu ya meza.

"Hivi vyote vinakwenda wapi?"

"Vitaharibika," alisema Bibi. "Potelea mbali."

Hilo ndilo kosa la kwanza, na nalitaja kwa masikitiko. Usimwambie mtu aliyewahi kukwama kwenye stesheni isiyo na maji wala duka kwamba chakula kipotelee mbali. Babu alivuta kiti. Alikula mayai usiku ule na asubuhi iliyofuata. Alikula jibini bila mkate, kisha ndizi, kisha jibini tena kwa kuwa lilikuwa linamtazama. Ijumaa mchana nilimkuta amesimama ukutani, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Mume wangu, vipi?"

"Reli imeziba," alisema kwa sauti ya tangazo la stesheni. "Treni iko tayari, abiria wamejaa, lakini haiondoki."

Nilimpa pole. Sikujua kwamba nilikuwa nazungumza na hatari.

Kosa la pili lilikuwa la kwangu, lakini lilikuwa na nia njema na herufi nzuri. Jioni ile Bibi alimfumania Babu amefungua friji, pua yake imegusa tumba.

"Unatafuta nini humo?"

"Nanusa tu. Linanukia kama tango."

Bibi alinivuta pembeni. Lazima mwelewe kwamba mzee huyu ana rekodi. Mwaka jana Bibi alihifadhi chavua ya ua adimu ndani ya kichupa kwenye friji, na Babu akainyunyizia kwenye mayai akidhani ni manjano. Akasifu mapishi. Bibi hakuzungumza naye mpaka msimu ukaisha.

"Wewe shuleni si ndiye bingwa wa kuwatisha watu?" Bibi aliniuliza. "Haya, fanya kazi yako. Sitaki asogee hapo."

Nilikaa nikafikiri kitaalamu. "Usile" isingesaidia, Babu angeuliza kwa nini. "Sumu" ingemfanya aite polisi. Nikakata kipande cha karatasi ngumu, nikaandika kwa wino mwekundu: DAWA YA KUFUNGUA TUMBO. KALI SANA. Nikaifunga kwenye bua kwa uzi. Ni nani, nilijiuliza, ambaye angethubutu?

Ndiyo. Najua. Mimi pia najua sasa.

Friji nayo ilikuwa imeanza vituko. Ilinguruma, ikatokwa na maji miguuni, na mlango ukawa haushiki. Friji ikifa, tumba lingefunguka kabla ya wakati. Na fundi wa friji mtaani ni mmoja. Bibi alizunguka meza akiuma uzi.

"Yaani nimwingize Baridi jikoni kwangu? Alione?"

"Tulifunike na kitambaa."

"Mpigie," alisema hatimaye, kama mtu anayemeza sindano. "Mwambie aje kesho alfajiri. Na asiniletee habari za fahari yake."

Usiku ule tuliuegemeza mlango kwa cherehani.

Jumamosi palipopambazuka, Bibi aliisogeza cherehani, akafungua friji. Nikatazama juu ya bega lake. Ua lilikuwa limefunguka humo ndani, chini ya balbu, peke yake kama malkia aliyekosa basi. Rangi yake ilikuwa ya tunda la zambarau lililoiva mpaka linakaribia weusi. Koo lake lilikuwa la kijani kibichi kama limau changa. Na kingo za petali zote zilikuwa zimejikunjakunja, zikazungukwa na mstari mwembamba mweupe.

"Marinda," Bibi alinong'ona. "Limejishonea marinda, mjukuu wangu. Na limemalizia kwa uzi mweupe." Akafuta macho kwa futi ya kupimia. Halafu akaenda kuoga, maana mtu haendi kushinda akiwa na jasho la jana.

Baridi alipiga hodi akiwa na sanduku lake la vifaa na kofia yake ya kazi. Nilikuwa nimelifunika ua kwa kanga ya mteja, lakini fundi wa friji ana tabia moja mbaya: hutengeneza friji kwa kuangalia ndani. Aliinua kanga. Akabaki ameishika hewani.

Alivua kofia. Akachuchumaa. Akaliangalia ua kutoka kushoto, akaliangalia kutoka kulia, akaweka kidole chini ya kingo bila kuzigusa.

"Nani amelizaa hili?" aliuliza.

"Bibi."

"Huyu bibi yako? Wa hapa?"

"Bibi mwingine ninaye, lakini yeye anafuga bata."

Alishusha kanga polepole kama anayemfunika mtoto. Akabadilisha mpira wa mlango, akakaza nati fulani nyuma, na hakutaja Fahari ya Baridi hata mara moja. Kwaheri aliyoitoa aliipa friji. Nilimbebea sanduku lake mpaka getini, na njia nzima alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyeona gari lake likiondoka na dereva mwingine.

Niliporudi jikoni, mlango wa friji ulikuwa wazi. Babu alikuwa ameketi mezani, ametulia, anatafuna. Mbele yake, juu ya meza, kilikuwa kile kipande changu cha karatasi.

"Mke mdogo," alisema, "hii dawa haina uchungu kabisa. Ina ladha ya mchicha."

Niliangalia ndani ya friji. Bua lilikuwa limesimama wima, kichwani halina kitu.

"Babu. Umekula lote?"

"Umeandika kali sana. Dawa kali hainywewi nusu. Nusu ndiyo inayozoesha ugonjwa."

Bibi alitoka chumbani akiwa na gauni lake la kijani alilolishona kwa ajili ya siku hii, akaangalia bua, akaangalia karatasi, akaangalia mdomo wa mume wake uliokuwa bado ukizunguka. Nilijiandaa kwa kelele. Hazikuja. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono juu ya mapaja. Nawaambia ukweli, ningependa kelele.

"Umenishinda," alimwambia Babu. "Si ungesema tu. Ningeng'oa mwenyewe."

Babu aliacha kutafuna. "Nimekushinda nini?"

"Kitalu. Kuku wako."

Kwa mara ya kwanza mzee alielewa alichokula. Rangi ilimtoka kuanzia kwenye kipara. "Hili... hili ndilo lile ua? Mama, wallahi, mimi nimesoma 'dawa'. Nina siku mbili reli imeziba! Muulize mtoto! Mimi nimeendesha treni maisha yangu yote sijawahi kupita taa nyekundu, leo nije niibe ushindi jikoni?"

Bibi alinigeukia. "Nani aliandika hiki?"

"Uliniambia nimtishe," nikasema, nikitazama dari kwa makini.

"Nilikwambia umtishe. Hukujua amefunga choo?"

"Nilijua. Sikuunganisha."

Halafu Bibi akasimama, akakunjua marinda ya gauni, na nikamwona amerudi kuwa mtu ninayemfahamu.

"Ua lazima lifike ukumbini," alisema. "Kama liko tumboni, tumbo litafika. Vaa koti, mzee. Wewe mke mwenza, beba chungu."

Ndivyo tulivyoingia ukumbi wa shule ya msingi: Bibi mbele na gauni lake, mimi nyuma nimekumbatia chungu chenye bua kipara, na Babu katikati, akitembea kwa uangalifu mkubwa kama anayesafirisha baruti. Wanachama walikuwa wamejipanga nyuma ya meza zenye vitambaa vyeupe, kila mtu na mayungiyungi yake ya manjano, ya pinki, ya rangi ya kutu. Baridi alikuwa mstari wa mbele. Alipoliona bua tupu, nyusi zilimpanda, na nikaona kitu kama nafuu kikipita usoni mwake kwa kasi.

Mwenyekiti, yule mama daktari wa meno, aliliangalia bua letu kupitia miwani.

"Ua liko wapi?"

"Liko ndani ya huyu," alisema Bibi.

Ukumbi ukacheka. Babu akavua kofia. "Ni kweli, Mheshimiwa. Nimelila. Lakini kwa matumizi ya hospitali."

"Fungua mdomo," alisema Mwenyekiti, ambaye maneno hayo huwa hayamkai mbali. Akamwinamia Babu na tochi ya simu. "Mm. Kuna kitu cha zambarau kati ya magego. Na hilo la nyuma lizibwe, mzee, mapema."

"Basi ushahidi huo!" nikasema.

"Kanuni inasema ua. Haisemi mabaki." Mwenyekiti alinyoosha mgongo, na sauti yake ilikuwa ya huruma kuliko nilivyotarajia. "Kuna mwanachama yeyote aliyeliona asubuhi hii likiwa limefunguka? Wenye nyumba hamhesabiwi."

Bibi alikuwa anaanza kutikisa kichwa. Hakujua. Alikuwa bafuni. Nikanyoosha kidole.

"Bwana Baridi aliliona. Alikuja kutengeneza friji."

Vichwa vyote viligeuka. Baridi alirekebisha kola.

"Mimi niliitwa kwa ajili ya friji," alisema. "Nikatengeneza friji. Yaliyomo ndani ya friji ya mteja ni siri ya mteja. Hiyo ndiyo miiko ya kazi yetu."

"Baridi," alisema Bibi taratibu. "Uliliona au hukuliona?"

"Mama, mimi nina miiko."

Mtu huyu huyu alishatangaza mtaa mzima kwamba mwalimu wa hesabu huhifadhi soksi kwenye friza. Lakini sasa alikuwa na miiko. Bibi alishusha macho kwenye chungu, na Babu akamshika kiwiko. Niliona wazi mambo yalivyokuwa: kesho asubuhi, Bibi angepiga magoti kitaluni na sepetu, na Babu angeshika toroli bila hata furaha ya kuku.

Bwenini tunafundishwa mambo mengi yasiyo kwenye ratiba. Mojawapo ni hili: ukitaka mtu akwambie ukweli, usimwombe. Mpe uongo mbele ya watu, kisha usubiri.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, nikaweka chungu chini na kukunja mikono mgongoni kama siku ya hotuba. "Nakubali sisi wenye nyumba hatuhesabiwi. Lakini kwa kumbukumbu tu, naomba kulieleza marehemu."

"Kwa ufupi."

"Lilikuwa ua la kawaida. Rangi yake ilikuwa zambarau iliyopauka, kama wino uliomwagiwa maji."

Bibi alinigeukia ameachama. Nikamkanyaga kidogo mguu. Upande wa pili, Baridi alikohoa.

"Koo lake," nikaendelea, "halikuwa na rangi ya maana. Unaweza kusema njano. Njano ya mlango wa ofisi."

Baridi alianza kugonga sakafu kwa kiatu.

"Petali zake zilikuwa nyembamba, zimelegea kidogo, kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa."

"Ah!" alisema Baridi, halafu akajifanya anapiga chafya.

"Afya," nikamwambia. "Na kingo zake, waheshimiwa, zilikuwa zimenyooka. Zimenyooka kama rula. Hata kunjo moja..."

"ZIMENYOOKA?"

Kiti kilianguka. Baridi alikuwa amesimama, kofia imebanwa ngumini, mishipa ya shingo imemtoka.

"Zimenyooka? Wewe mtoto una macho au una vifungo? Mwenyekiti, huyu anatukana! Kingo zilikuwa marinda! Marinda mazito, juu mpaka chini, yamezungukwa na mstari mweupe mwembamba hata sindano haiwezi kuuchora! Na koo, eti njano ya ofisi! Koo lilikuwa kijani, kijani cha limau changa, linashuka mpaka ndani kabisa kama kisima! Na ile rangi... nimelima maua haya mpaka mke wangu amenisusa, sijawahi kuiona rangi ile. Imeiva. Imeiva mpaka unaogopa kuigusa. Mimi nilivua kofia! Nilivua kofia mbele ya friji!"

Alisimama akihema. Nadhani mahali fulani petali moja ilidondoka.

"Bwana Baridi," alisema Mwenyekiti, "kwa hiyo uliliona."

Baridi aliniangalia. Niliangalia dari tena. Dari la shule lina mengi ya kufundisha. Aliokota kiti chake, akakikalia kama mtu aliyejikalia mwenyewe.

"Niliona," alisema. "Na ningefurahi sana kama nisingeliona."

Kamati ilinong'ona kwa muda mfupi. Hapo ndipo Babu, aliyekuwa amesimama kimya kwa adabu zote, alishtuka ghafla, akaweka mkono tumboni, macho yakamkodoka.

"Samahanini," alisema. "Ishara imewaka kijani." Na mzee ambaye siku mbili alikuwa akitembea kama kabati alitoka mbio kuelekea vyoo vya shule, koti likipepea.

Mwenyekiti alingoja mlango utulie. "Kamati imeridhika na ushahidi. Hatujawahi kusikia ua likielezwa kwa hasira namna ile. Mama, litaitwaje?"

Bibi alikuwa na jina. Alikuwa nalo tangu siku ile ya kwanza alipofunga uzi mwekundu: Malkia wa Alfajiri. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo, nimemsikia. Alifungua mdomo alitaje, na palepale mlango wa nyuma ukafunguliwa. Babu alikuwa amesimama pale, uso unang'aa, mabega yamepanda, mtu mpya. Alimtafuta mke wake katikati ya watu wote wale, akampungia kofia.

"Mama!" aliita kwa sauti iliyozoea kushindana na injini. "Treni imeondoka!"

Bibi alijaribu kujizuia. Nilimwona akijaribu. Midomo ilimbana, mashavu yakavimba, kisha akacheka mpaka akashika meza, gauni lote la kijani likitikisika, na machozi yakamtoka ya aina tofauti na yale ya asubuhi.

"Andikeni," alisema alipopata pumzi. "Treni ya Asubuhi."

"Jina zuri," alisema mzee mmoja wa kamati, akiandika kwa heshima. "Kwa sababu halichelewi?"

"Lilichelewa kidogo," alisema Bibi. "Lakini lilifika."

Sasa kuku wako nyuma ya choo, na Babu anawaendesha kwa ratiba. Baridi huja kila siku kwa kisingizio cha kusikiliza mota ya friji, kisha hukaa kitaluni na Bibi wakibishana nani amuozeshe nani. Juzi wamekata uzi mwekundu wa ndoa ijayo kati ya Treni ya Asubuhi na Fahari ya Baridi, na wote wawili wakasimama kando kama wakwe. Mche wenyewe umerudi ardhini na unatoa bua jipya.

Babu naye hulikagua bua hilo kila anapopita na ndoo ya kuku. Jana nilimwona ameinama, analibonyeza tumba kwa vidole viwili.

"Mume wangu," nikamwita, "toka hapo."

"Nauliza tu," alisema. "Linafunguka lini? Maana jibini limenunuliwa jingine."